Mluzi Ambao Sikio Hakuusikia

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Sikio, na jina hilo hakujipa mwenyewe, kama wafanyavyo wale wanaojiita madaktari wa injini kisha wanashindwa kufunga plagi. Alipewa na watu. Siku moja gari lilipita barabarani mbele ya gereji, yeye akiwa chini ya gari jingine, miguu tu ndiyo inayoonekana, na sauti ikatoka huko chini: "Mwambieni huyo beringi ya gurudumu la nyuma haifiki Ijumaa." Na kweli, Alhamisi gari lilirudi likivutwa kwa kamba.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini na mitatu kati ya hiyo aliimaliza katika gereji ile ile ya mabati, huku mchomeleaji akiwa upande mmoja na muuza matairi upande wa pili. Huku mashine ya kusagia chuma, huku nyundo. Ukitaka kuzungumza na mtu hapo ni lazima upaze sauti, na mafundi wa hapo hata wakienda kumwona mgonjwa hospitalini huongea kama wanaogombana. Manesi waliwajua.

Nyumbani kwake hakukuwa na kelele, na hapo ndipo palipokuwa na shida.

Mke wake alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa kwenye kibaraza cha nyuma, karibu na dirisha la jikoni, na kwa miaka mingi alishona sare za shule mbili za jirani. Watoto wao watatu walikwisha kuoa na kuolewa, kila mmoja yuko kwake. Walipobaki wawili, badala ya maongezi kuzidi, yakapungua. Zamani mama huyu alikuwa msemaji hasa, mwenye sauti nyembamba ya haraka, mtu wa kukusimulia safari ya sokoni mpaka ukajiona wewe ndiye uliyebeba kikapu. Kidogo kidogo, kwa miaka kama sita hivi, akawa anasimulia nusu. Baadaye robo. Mwishowe yakabaki maneno ya matumizi tu: chakula tayari, maji yamekatika, kuna mtu mlangoni.

Sikio aliliona jambo hilo, akadhani ni umri. Kwa upande wake hakuona kosa lolote, maana kila alichoambiwa alikijibu, tena kwa adabu. "Ee. Ee. Vizuri." Mtu anayejibiwa hivyo miaka yote ana lalamiko gani?

Basi ikaja ile Jumatano. Wakiwa mezani, mke alisema dada yake, anayekaa mji mwingine, safari ya saa saba kwa basi, amemwita akakae naye. Hakusema kwa siku ngapi. Akaweka kijiko chini, akatazama sahani yake, akauliza swali moja. Sikio alilisikia hivi: "Unataka niende?"

Alikuwa na mengi ya kusema, lakini yeye alikuwa mtu wa spana, maneno hayakuwa kazi yake. Akalikusanya lote lililokuwa kifuani katika neno moja: "Hapana."

Mke akamtazama kitambo. Akainuka, akaingia chumbani, akashusha begi kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja nguo.

Sikio akabaki na sahani mbili mbele yake. Nimemwambia sitaki aende, aliwaza, naye anafunga begi papo hapo, kama kunikomoa. Aliumia. Na kwa kuwa mwanamume wa rika lake hakufundishwa kuumia, akachagua kukasirika. Tiketi ilikuwa ya Jumamosi ya wiki iliyofuata, basi la saa kumi alasiri. Alikuwa na siku kumi za kumfanya mke wake abaki, na hakujua aanze na bolti ipi.

Asubuhi ya pili yake likaingia gereji gari ambalo mchomeleaji alizima mashine ili alitazame vizuri.

Lilikuwa gari la spoti, la milango miwili na viti viwili, umri wake si chini ya miaka thelathini, rangi ya kijani iliyopauka mabegani. Taa zake za mbele zilikuwa za kufumba na kufumbua kama macho ya mtu aliyeamshwa. Paa lilikuwa chini kiasi kwamba kuingia ndani ni kama kuvaa suruali ukiwa umelala. Na aliyetoka humo, kwa kushika mlango na kuguna, alikuwa bibi mfupi mwenye miwani ya kamba shingoni. Alikuwa mwalimu mstaafu, aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na sita. Wenzake walichukua kiinua mgongo wakajenga vyumba vya kupangisha. Yeye alinunua lile gari, na alipoulizwa sababu alijibu kwamba vyumba haviendi popote.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Sikio, akifuta mikono.

"Marahaba, fundi. Gari langu linapiga mluzi."

"Inapiga mluzi ikiwa spidi gani?"

"Linapiga. Gari linapiga," alisema Mwalimu, kwa upole wa mtu ambaye hajui kuacha. "Linaanza kwenye themanini. Likifika mia, redio haisikiki. Ni mluzi mwembamba, kama wa mwamuzi wa mpira aliye uwanja wa mbali."

Wakatoka nalo hadi barabara kuu, Mwalimu akiendesha, Sikio kiti cha abiria akiwa amefumba macho na kutega sikio, namna yake ya siku zote. Kwenye themanini upepo ukaanza. Vuuu, ukiingia mlangoni, ukizunguka nyuma ya shingo. Sikio akafumbua macho akiwa ameridhika.

"Hii haipigi mluzi, Mwalimu. Inavuma."

"Kuvuma najua na mluzi najua. Nimevifundisha vyote viwili. Debe ndilo linalovuma."

"Si ndiyo, debe tupu haliachi kuvuma."

"Debe lako mwenyewe," alisema Mwalimu bila hasira. "Linavuma, sikatai. Lakini na mluzi upo, juu yake."

Sikio akatabasamu lile tabasamu la mafundi kwa wateja wanaojua ugonjwa kabla ya daktari. Miluzi mingi humpoteza mbwa, alijisemea. Yeye angefuata sauti moja, ile anayoisikia.

Na aliifuata vizuri, tumpe haki yake. Alichana karatasi vipande, akawa anafungia mlango kipande kimoja kimoja na kukivuta. Pale karatasi ilipokaza, raba ilikuwa nzima. Pale ilipochomoka kama barua kwenye bahasha, raba ilikuwa imekufa. Ilikuwa imekufa karibu pande zote, ngumu kama soli ya kiatu. Vioo vya milango ya gari lile havikuwa na fremu. Vilipopanda juu vilijibana vyenyewe kwenye raba ya paa, na vilikuwa vimechoka kujibana. Sikio akachukua chaki ya kushonea ya mke wake, bila kuomba, akaipaka kwenye raba, akafunga mlango, akafungua. Pale kioo kilipogusa palikuwa na mstari mweupe, na pale kisipogusa hapakuwa na kitu. Akafungua ubao wa ndani wa mlango, akalegeza bolti za kioo, akakilaza kuelekea ndani kiasi cha unene wa kucha. Akaweka raba mpya. Akarudia chaki mpaka mstari ukazunguka mlango mzima bila kukatika.

Jumatatu alilijaribu mwenyewe. Kwenye mia moja palikuwa kimya mpaka akasikia funguo zikigonga usukani. Alirudi akiwa amechangamka, na kwa saa nzima hakuwaza habari ya begi.

Jumatano Mwalimu akarudi.

"Fundi, mvumo umekwisha kabisa. Ahsante sana. Sasa mluzi ndio nausikia vizuri."

Wakatoka tena. Themanini. Mia. Mia na kumi, na Mwalimu hakuwa mtu wa kuogopa mia na kumi.

"Huu hapa," alisema Mwalimu.

"Upi?"

"Upande wako. Hapo hapo karibu na uso wako. Siii. Huusikii?"

Sikio alitega sikio la kushoto, akatega la kulia, akaweka kiganja kwenye kioo. Kimya kitupu. Akajua hapa kuna mtu mmoja aliyekosea, na hakufikiria kwamba ni yeye.

"Mwalimu, usinichukulie vibaya. Huo mluzi uko kichwani mwako."

Mtu mwingine angemshusha njiani. Mwalimu aliendesha mpaka gereji, akazima injini, akavaa miwani. Ilikuwa saa ya chakula, mchomeleaji na muuza matairi wamekwenda kula, pametulia.

"Geukia ukuta," alisema. "Nitasema neno, wewe rudia. Aje."

"Mwalimu, nina kazi..."

"Aje."

"Aje," alisema Sikio, akitazama kalenda ya mwaka juzi.

"Walale."

"Walale."

"Asije."

"Aje."

"Wasilale."

"Walale. Umelisema hilo tayari."

"Asinione."

"Anione."

Alipogeuka, Mwalimu alikuwa amevua miwani.

"Fundi, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Sauti nene zote unazo. Injini utaisikia mpaka siku unakufa. Nyembamba ndizo zilizokukimbia. Mashine ya jirani yako huyo ingemtia uziwi hata mbuzi." Alisema akimtazama usoni, taratibu. "Mluzi ni sauti nyembamba. Na *si* ni sauti nyembamba. Nimekwambia asije, umesikia aje. Nimekwambia wasilale, umewalaza. Hiyo *si* ni kitu kidogo, lakini ndiyo inayogeuza sentensi nzima. Ukiikosa, unasikia kinyume cha ulichoambiwa."

Sikio alitaka kucheka. Badala yake akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya tairi. Mbele ya macho yake zilikuwa zimerudi sahani mbili, na kijiko kikiwekwa chini, na swali. Unataka niende? Akalisema tena moyoni, na safari hii akaitia ile silabi pale katikati.

Mwalimu hakujua habari za sahani. Alidhani ni aibu ya ufundi. "Nimefundisha miaka thelathini na sita," alisema. "Kila darasa lina mtoto anayekaa nyuma, ukisema chochote anaitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu. Wenzangu walikuwa wakiwachapa. Mimi nilikuwa namhamishia mbele. Nenda kapimwe masikio. Na gari langu lina mluzi, nakuachia. Tafuta mtu wa kukusikilizia."

Kuuliza si ujinga, ndivyo wanavyosema wahenga. Sikio alikuwa ameishi miaka sita kana kwamba katika usemi huo nao ile *si* haimo.

Unaweza kudhani alikimbia nyumbani moja kwa moja. Hakukimbia. Alikaa na jambo lile siku nzima ya Alhamisi kama mtu mwenye jino bovu, kwa sababu kumuuliza mke ile siku ulisema nini ni kukiri kwamba hakusikia, na kukiri mara moja ni kukiri zile nyingine zote. Na kama siku ile masikio hayakukosea, je? Kama kweli alisema niende? Angekuwa amejidhalilisha, na basi lingeondoka vile vile.

Ijumaa asubuhi ndipo alipomkuta mke wake kibarazani akikata uzi wa vifungo vya mwisho.

"Nina gari linapiga mluzi," alisema. "Nahitaji mtu wa kunisikilizia."

Mke akainua kichwa. "Wewe si ndiye Sikio?"

Hilo alilisikia vizuri. "Huu siusikii."

"Wewe," alisema mke, "unasikia bolti iliyolegea kwenye lori lililo barabara ya tatu." Alisema hivyo bila ukali, na ndani yake mlikuwa na miaka mingi. Kisha udadisi ukamshinda. "Ni lile la kijani wanalolisema mtaani?"

"Lile lile."

"Nina kazi mpaka saa nne. Baada ya hapo nina nafasi."

Walipofika gereji, Sikio alikuwa ameshaligubika gari kwa tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi. Kila ufa, kila kiungo: kingo za kioo cha mbele, taa, milango, vitako vya vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma. Gari zuri lile likawa kama mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji. Mke alilizunguka mara moja, akasema mtu akiwaona atadhani wameliiba, akaingia kwa kuguna kama Mwalimu.

"Kazi yenyewe ni hii," alisema Sikio. "Sasa upepo hauna pa kupita. Tukienda pasiwe na mluzi, ujue tepu imeuziba. Halafu natoa tepu moja moja. Ukiusikia tu, inua kidole."

Barabara kuu mchana ilikuwa tupu. Kwenye mia moja mke alitikisa kichwa: kimya. Wakasimama kando, Sikio akabandua tepu ya kioo cha mbele, wakaenda. Kimya. Wakabandua taa. Kimya. Wakabandua mlango wa dereva, kisha wa abiria, na Sikio akafurahi mwenyewe kuona kazi yake ya chaki imesimama. Kila walipoanza upya alijikuta anamtazama mke wake kuliko barabara. Alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha kidogo, na Sikio akatambua kwamba hilo ndilo pozi lake mwenyewe. Wameoana miaka thelathini na minne na hakuwa amewahi kumwona akilifanya.

Wakabandua kioo cha pembeni cha upande wa dereva. Kimya. Wakabandua cha upande wa abiria, na kwenye themanini na tano kidole kikasimama wima.

"Huo," alisema mke. Alikuwa akitabasamu. "Mwembamba kweli. Unakwaruza meno."

Sikio alipanguza jasho. Upepo ulikuwa ukipita umbali wa kiganja kutoka usoni kwa mke wake, unapiga kelele, naye hakusikia kitu. Ilikuwa ajabu kumwamini mtu hivyo, kama kuvushwa barabara ukiwa umefungwa macho.

Akakifungua kioo kile pale pale kando ya njia. Chini ya kitako chake kulikuwa na raba nyembamba, na pembe moja ya raba hiyo mtu alikuwa ameikata kwa wembe zamani, pengine kwa kudhani imezidi. Pengo lenyewe punje ya mchele isingepita. Mke akaomba alione.

"Una mpira wa baiskeli?" akauliza, na kwa kuwa alikuwa amemkaribia, Sikio akasikia.

Kwenye sanduku la spana kulikuwa na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Mke akatoa mkasi mdogo kwenye mkoba, akaiweka raba juu ya mpira, akaichora kwa chaki, akakata pamoja na ile pembe iliyokosekana, mkato mmoja, bila kurekebisha. Ilikaa kama kola kwenye shati. Sikio alikaza skrubu huku akijiambia kwamba yeye angeikata mara nne.

Wakaenda mara ya mwisho. Mia moja. Mke alisikiliza kwa muda mrefu kuliko mara zote, kisha akakunja mikono mapajani. Gari likawa linateleza kimya. Akatazama nje ya dirisha, akasema kitu.

"Ee," alisema Sikio.

"Nimekuuliza swali," alisema mke, sasa amemgeukia. "Swali halijibiwi ee."

Sikio akawasha taa ya kuashiria, akasimama kando ya barabara, akazima injini.

"Sikusikia," alisema. "Masikio yangu hayachukui sauti nyembamba. Mwalimu amenipima Jumatano. Ukisema *si*, siisikii. Sijui tangu lini. Ile siku mezani, uliniuliza nini?"

"Unajua nilichokuuliza."

"Nakuomba uniambie nikiwa nakutazama."

Lori likapita na gari likatikisika.

"Nilikuuliza, unataka nisiende?" alisema. "Nilitaka uniambie ndiyo. Nilitaka uniambie baki. Ukasema hapana."

Safari hii Sikio aliiona ile *si*. Aliiona kwenye meno yake.

"Mimi nilisikia niende," alisema. "Unataka niende. Ndiyo maana nikasema hapana. Sikutaka uende. Sitaki."

Mke akaweka kiganja mdomoni. Mabega yakamtikisika, na kwa muda Sikio hakujua kama anacheka au analia, na pengine yeye mwenyewe hakujua. Sikio alifurahi. Akadhani limekwisha.

Halikwisha. Mke akafuta macho kwa upindo wa kitambaa, na alipomtazama, macho yalikuwa makavu na makali.

"Na zile nyingine zote?" alisema, akitamka kila neno. "Nilikwambia mkono unaniuma, siwezi kushika sindano. Ukasema vizuri. Nilikwambia nilivyoota mama yangu, ukasema ee. Nikakuuliza unanisikia? Ukasema ee. Hukuwahi kusema sisikii. Mara moja tu ungesema sisikii."

"Niliona aibu."

"Mimi nilijiona mjinga. Miaka sita nazungumza na ukuta unaoitikia." Akaufunga mkoba wake. "Ile hapana moja nakusamehe, haikuwa kosa lako. Zile ee ulikuwa unazisema huku unajua hujasikia. Kesho nakwenda kwa dada. Turudi."

Sikio akawasha injini. Aliendesha kurudi katika gari lililo kimya kuliko yote aliyowahi kutengeneza.

Jumamosi asubuhi Mwalimu alifika kuchukua gari lake. Alilipeleka barabara kuu, akarudi, akashuka, na mbele ya mchomeleaji na muuza matairi akasema: "Hakuna mluzi. Hakuna mvumo. Nimesikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho. Fundi Sikio, jina umelistahili."

Hapo ndipo angeweza kuitikia ee. Ilikuwa rahisi, na hakuna ambaye angejua.

"Si mimi," alisema Sikio, kwa sauti ya gereji, ile ya kuzidi nyundo. "Mimi mluzi huo sikuusikia na sitausikia. Masikio yangu yameharibika. Aliyeusikia ni mke wangu, na ile raba kaikata yeye."

Nyundo ya muuza matairi ikasimama. Sikio alikuwa ametembea na jina lile miaka thelathini, na sasa alilivua mbele za watu kama shati.

"Kumbe," alisema muuza matairi, akianza kucheka, "sikio lenyewe liko nyumbani linashona sare."

"Ndilo hilo," alisema Sikio.

Mchomeleaji hakucheka. Alikuwa akijikuna nyuma ya shingo. "Hata mimi," alisema. "Mwaka wa nne huu. Nilidhani watoto wangu wamekuwa wapole."

"Jumatatu mtakwenda wote wawili hospitali kupimwa," alisema Mwalimu. "Saa mbili kamili. Nitakuja kuwahesabu." Na kwa namna alivyosema, mafundi wazima wenye wajukuu wakaitikia kama darasa la pili.

Sikio alifunga gereji mapema. Alifika nyumbani saa tisa kasorobo. Hakuwa na mpango wowote. Hakuwa na maua wala hotuba, na kama angekuwa na hotuba angeisahau mlangoni. Begi lilikuwa sebuleni, limefungwa. Mke wake, akiwa na viatu vya safari miguuni, alikuwa akiweka funguo za cherehani kwenye droo na kusema jambo huku amempa mgongo, haraka haraka, kwa ile sauti nyembamba, pengine kuhusu dada yake, pengine kuhusu chakula kilichofunikwa mezani, au juu ya kitu kingine kabisa.

Ile ee ilipanda yenyewe. Aliihisi imefika kwenye ulimi, laini, imezoea njia. Akafunga mdomo, akaimeza.

"Sikusikia," alisema. "Rudia."

Mke akageuka. "Umesema nini?"

"Sikusikia hata neno moja ulilosema. Nakuomba urudie."

Mke alisimama akimtazama, droo ikiwa bado wazi. Akaitazama saa ya ukutani. Akamtazama yeye tena, mikono yake yenye grisi ikining'inia pembeni, shingo ameinyoosha mbele kama mtoto aliyehamishiwa dawati la kwanza.

"Ni habari ndefu," alisema, taratibu. "Niliianza mwaka jana ukasema vizuri."

"Ianze tena."

Mke akalisogeza begi kando kwa mguu. Akavuta kiti akakiweka dirishani, upande wenye mwanga, ili uso wake uonekane, akamwonyesha mumewe kiti cha pili. Akaanza tangu mwanzo. Mara nne Sikio alimkatiza kumwambia hakusikia, na mara zote nne alirudia, na mara ya nne akacheka. Saa kumi basi lilipoondoka, alikuwa bado hajafika katikati.